Plamu Juu ya Mlango

Shemeji yangu Clemensi alisimama mbele ya mkutano wa kijiji, akanyoosha fimbo yake upande wa shamba langu, akasema, "Ile miti ya marehemu kaka imekufa. Inakalia ardhi bure."

Nilikuwa nimekaa chini pamoja na wanawake wenzangu. Nikasimama.

"Haijafa," nikasema. "Imelala."

Watu wakacheka. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa sabini na sita, ile baridi yetu ya Karatu ambayo ukungu unashuka asubuhi kutoka msituni Ngorongoro na hauondoki mpaka jua limepanda sana. Miti ya marehemu mume wangu haikuwa na jani hata moja. Mtu asiyeijua akipita barabara ya Endabash aliona vijiti vyeusi vimesimama kama nguzo za zizi lililoungua. Plamu na pichi ndivyo zilivyo. Baridi ikiingia zinapukutisha majani yote na kunyamaza, mpaka maua yatoke, na matunda yanakuja karibu na Noeli.

"Imelala!" Clemensi akasema. "Basi vizuri, mama Evarista. Trekta litaiamsha."

Wakacheka tena, na safari hii walicheka zaidi.

Clemensi alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Kijiji kilitaka shamba la wote la maharage, na yeye alikuwa amechagua langu. Alikuwa ameshamwambia bwana kilimo wa kule Mbulu kwamba pale pana kichaka cha miti mikavu. Bwana kilimo angekuja kwetu siku ya Sabasaba kukagua mazao, na siku hiyohiyo angesema trekta lianzie wapi. Neno lake lingekuwa la mwisho.

Wote waliokuwa kwenye ule mkutano walikuwa wamekula plamu zangu. Wengine walizila kwa kuomba, wengine kwa kuruka uzio. Lakini watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamishiwa kijijini, nyumba zao za zamani zimebomolewa, na hakuna aliyetaka kusikika anapinga shamba la kijiji. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo.

Mume wangu Qamara alifanya kazi kwa mzungu mmoja kule Oldeani, kwenye kahawa. Huyo mzungu alikuwa na bustani ya matunda nyuma ya nyumba. Alipoondoka kurudi kwao, wenzake Qamara waligombania viti na masufuria. Yeye alikata vijiti. Alivifunga kwenye gunia lililoloweshwa, akaja navyo kwa miguu mpaka nyumbani. Nilimtukana. Nilimwambia wenzako wanaleta sufuria, wewe unaleta kuni. Alivipanda hivyohivyo. Miti ilipoanza kuzaa sikumtukana tena, ila sikumwomba radhi pia, na yeye hakuitaka. Kifua kikamwua. Nikabaki na Evarista, binti yetu wa mwisho, na miti.

Mimi sikusoma. Kuandika jina langu, Hyasinta, nilijifunza ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema mkono wangu ni mzito. Kwenye kalamu, sawa. Kwenye ukuta hapana. Mama yangu kule Mbulu alikuwa mpambaji wa nyumba, na alinifundisha kabla sijaota meno yote ya ukubwa. Unaanza na jivu jeupe, lililochekechwa, limekorogwa na utelezi wa mlenda ili lishike. Likikauka ukuta unakuwa mweupe kama maziwa. Ndipo unaweka udongo mwekundu na masizi. Wanawake waliokuja kwangu kuazima moto walikuwa wanasahau moto, wanabaki kutazama kuta.

Mwalimu wa kisomo ndiye aliyesema kwamba Sabasaba ile, pembeni ya mazao, kutakuwa na maonyesho ya sanaa za mikono. Vikapu, vibuyu, shanga, michoro, kila mtu alete chake. Na bwana kilimo atapita huko pia.

Nikarudi nyumbani nikiwaza. Kama siwezi kumwonyesha huyo bwana tunda, kwa sababu tunda halipo mpaka Noeli, basi nitalichora. Nikang'oa mlango wa jikoni.

"Ayo," Evarista akasema. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw. "Ayo, huo mlango unaupeleka wapi?"

"Sabasaba."

"Na sisi tutalala wazi?"

"Tutaning'iniza gunia."

"Na fisi?"

"Atabisha hodi. Lete jivu."

Ubao mwingine ungepatikana wapi? Madukani hapakuwa hata na misumari. Nikaulaza mlango uani, nikaupaka jivu na mlenda kama nilivyofundishwa, nikauacha ukauke. Ukawa mweupe kabisa. Nikachukua udongo mwekundu nikachora plamu ya kwanza, nikasogea nyuma kuiangalia. Ilikuwa kiazi.

Nikachora ya pili. Viazi viwili.

"Labda ukiweka majani," Evarista akasema.

"Kiazi chenye majani."

Udongo hauna maji ndani yake. Plamu iliyoiva ina maji, ukiitazama unaona imejaa mpaka ngozi inakaribia kupasuka. Nikaona ili nichore tunda nitafute tunda. Nyuma ya jiko palikuwa na mnavu uliokomaa, una vile vitunda vyeusi vidogo ambavyo watoto wanakula vinawachafua midomo. Tukavichuma vyote tukavikamua kwenye kibuyu. Maji yake yalitoka mekundu ya zambarau. Nikatafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa kama nywele, nikachovya.

Hapo ndipo plamu zikatokea. Nilichora mti mmoja tu, ule ulioko juu karibu na nyumba, kwa sababu hakuna mwingine kama huo. Qamara alikata tawi la plamu akaliunganisha kwenye shina la pichi, likashika, na tangu hapo ule mti unazaa upande mmoja pichi na upande mwingine plamu. Pichi nilizichora kwa udongo wa njano na wekundu kidogo shavuni. Pale tawi lilipounganishwa niliweka fundo kubwa, kwa sababu lipo. Plamu moja niliichora imedonolewa na ndege, kwa sababu ndege hawakosi. Nilimaliza jua likizama. Evarista alikaa mbele ya mlango mpaka giza likazificha plamu.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kutoka nje. Nikamsikia anaita, "Ayo! Ayo, njoo! Zimekuwa mbichi!"

Nikatoka. Plamu zangu zote zilikuwa kijani. Wala si kijani kizuri cha jani, kijani cha bluu, kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Pichi zilikuwa vilevile, masizi yalikuwa vilevile. Plamu peke yake ndizo zilizoharibika. Sabasaba ilikuwa kesho yake.

Na kama ilivyokuwa bahati yangu mwaka ule, Clemensi akaja asubuhi hiyo kunikumbusha nihamishe mbuzi wangu shambani. Akasimama juu ya mlango na fimbo yake.

"Hii ndiyo kazi ya Sabasaba?"

Nikainama nikapuliza vumbi kwenye pichi.

"Shemeji, hata kwenye picha yako hayaivi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Umeona? Hata mkono wako unajua."

"Umemaliza ulichokuja kusema?"

"Mbuzi."

"Nimesikia mbuzi. Nenda."

Alipoondoka nilimwaga maji ya jivu kwenye beseni ninawe mikono. Sabuni hatukuwa nayo, mwaka ule jivu ndilo lilikuwa sabuni. Mikono yangu ilikuwa bado na wekundu wa mnavu, na niliposugua ikageuka kijani palepale, kijani kilekile cha mlangoni. Nikaitazama. Nikamwita Evarista.

"Ni jivu," nikasema. "Jivu ndilo linalouma."

"Sasa?"

"Lete limau."

Limau ndilo tunalotolea madoa ya kila namna. Nilisugua kiganja, kijani kikafutika na wekundu ukarudi, mwekundu kuliko mwanzo. Evarista akapiga kigelegele. Nikamwambia anyamaze kwanza. Nikakamulia limau juu ya plamu moja pale mlangoni. Ikageuka nyekundu, kweli, halafu jivu likaanza kutoa povu, likafura, likabanduka kama ngozi ya kidonda. Likaondoka na tunda lote. Pakabaki ubao mtupu.

Evarista akaanza kulia. Mimi nililitazama lile shimo. Ubao chini ulikuwa wa rangi ya kahawia, laini, na haukuwa na jivu.

Nikachukua kisu. Kila penye plamu nilikwangua jivu kwa umbo la tunda lenyewe, mpaka mlango ukawa na vishimo kama sega la nyuki. Ndani ya vile vishimo ndimo ningepaka mnavu uliochanganywa na limau. Lakini kibuyu kilikuwa kikavu. Mnavu wote wa nyuma ya jiko tulikuwa tumeumaliza, na kwa majirani palikuwa na majani machanga tu, kwa maana kila mtu alikuwa anayachuma mboga. Nilijua mahali pamoja tu penye mnavu uliozeeka, ukaachwa mpaka vitunda vikawa vyeusi. Kwenye jalala la Clemensi.

Nilijiambia siendi. Nikakwangua tena vishimo ambavyo vilikuwa vimekwisha kukwanguliwa. Jua likawa linapanda. Nikachukua kikapu nikaenda.

Alikuwa amekaa nje anachonga mpini wa jembe. Sikupiga hodi mlangoni, nilikwenda moja kwa moja jalalani nikainama nikaanza kuchuma. Nilisikia kisu chake kinasimama.

"Shemeji, unatafuta nini kwenye takataka zangu?"

"Mboga."

"Mboga ni majani. Wewe unachuma vitunda."

"Kila mtu na mboga yake."

Akainuka akaja mpaka karibu. Alikuwa na haki ya kunifukuza, ule ni uwanja wake. Nami nilikuwa nimeshaamua kwamba akinifukuza sitamwomba. Nitaondoka na kile nilichokwisha kuchuma, kikiwa kidogo kiwe kidogo. Mikono yangu ikaanza kwenda haraka. Alisimama pale juu yangu, namwona miguu tu, viatu vyake vya matairi.

"Kule ndani kuna vingi zaidi," akasema. "Nyuma ya majivu." Akarudi kwenye mpini wake.

Sikumwelewa, na sikuwa na nafasi ya kumwelewa. Nilichuma nikaondoka bila kuaga.

Plamu zilikubali. Juu ya ubao, na limau, zilikaa nyekundu ya giza, na kwa kuwa zilikuwa ndani ya vishimo na weupe umezizunguka, zilionekana zimejaa kuliko zile za kwanza. Ila sikuziamini. Mchana kutwa nilikaa pale nazitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa.

Sabasaba ilikuwa kwenye uwanja wa shule. Ukungu ulikuwa mzito hata huwaoni watu mpaka wakufikie. Niliufunika mlango kwa blanketi nikaubeba mgongoni, Evarista ananishikilia nyuma. Mwalimu wa kisomo alitupa nafasi mwisho kabisa wa uzio, baada ya vikapu, karibu na mwanamke mmoja wa Kimasai aliyeitwa Naisenya, aliyeteremka kutoka Ngorongoro na shanga zake. Nilipofunua blanketi yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutazama.

"Nini hii?"

"Plamu."

"Inaliwa?"

"Inaliwa, ndiyo."

"Basi ziko wapi nile?"

"Mpaka Noeli."

Akacheka. "Wewe mama, unaniamshia njaa ya mwezi wa saba unanipa chakula cha mwezi wa kumi na mbili!"

Bwana kilimo, Bwana Sylvesta, alifika na Land Rover ukungu ukiwa bado. Kijana mnene kidogo, koti jipya, amechoka na barabara. Clemensi alimshika tangu anashuka. Akampitisha kwenye mahindi, akampitisha kwenye ngano, wakasimama sana kwenye maharage. Halafu nikaona Clemensi anamgeuza kuelekea kwenye chai. Kwenye sanaa hawakuwa wanakuja.

Nikauinua mlango, nikatembea nao mpaka mbele yao, nikausimamisha chini katikati ya njia. Wasingeweza kupita ila wauzunguke.

"Mama," Bwana Sylvesta akasema, "huu ni nini?"

"Mlango."

"Naona ni mlango." Akainama akatazama. "Umechora vizuri. Vitunguu vizuri sana."

Watu walikuwa wameshakusanyika. Wakaangua kicheko. Nilisikia masikio yanawaka, nikaushika mlango kwa nguvu zaidi.

"Bwana mkubwa," Naisenya akasema kutoka nyuma, "kwenu vitunguu vinaota juu ya miti?"

Wakacheka tena, sasa kicheko kimemgeukia Bwana Sylvesta. Akanyooka, uso umebadilika.

"Si vitunguu," nikasema. "Ni plamu. Hizi huku ni pichi. Ni mti wa shamba langu, lile mnalotaka kupitisha trekta. Wamekuambia miti imekufa. Njoo Noeli uone."

"Mama, nimeliona hilo shamba nikiwa barabarani. Ni mikavu." Akaugonga mlango kwa kidole. "Na hapa umenichorea mti mmoja una matunda ya aina mbili. Sasa mimi nisadiki nini? Hiki ni kitu cha ndotoni. Umechora hadithi."

"Upo."

"Umechora hadithi, mama, na ni nzuri, lakini mimi nakagua mashamba." Akamgeukia Clemensi. "Mwenyekiti, mti kama huu upo?"

Nilimtazama Clemensi. Kusema hapana ilikuwa rahisi, na angekuwa amemaliza. Hakuna ambaye angemkana mbele ya mgeni. Lakini alikuwa hamwangalii bwana kilimo wala mimi. Alikuwa anaangalia mlango, pale kwenye fundo.

"Mwenyekiti?"

"Umelichora kubwa mno hilo fundo," Clemensi akaniambia.

"Ndivyo lilivyo."

"Sasa ndivyo lilivyo. Mwanzo lilikuwa dogo." Akaligusa fundo kwa kidole. "Mimi ndiye niliyeshika tawi. Kaka alikuwa anafunga kamba, mimi nimeshika. Alifunga na kidole changu humo humo, nikapiga kelele, akanicheka mpaka akakaa chini."

Hilo nilikuwa silijui. Qamara hakuwahi kuniambia.

"Kwa hiyo upo," Bwana Sylvesta akasema.

"Upo."

"Na unazaa?"

Clemensi akatema mate pembeni. "Unazaa."

"Mbona uliniambia ni mikavu?"

"Wakati huu ni mikavu."

"Hukusema wakati huu," nikadakia. "Ulisema imekufa."

"Mama, ngoja!" Bwana Sylvesta akapandisha sauti. Alikuwa amekasirika, na mtu mkubwa akikasirishwa mbele ya watu huwezi kujua hasira itaangukia wapi. Akatembea hatua chache, akarudi. Akasema trekta lilikwisha kupangwa na maharage yatalimwa, hilo halirudi nyuma. Lianzie barabarani, likomee katikati ya shamba. Miti ya juu ibaki mpaka Noeli. Ikizaa ibaki moja kwa moja. Isipozaa, mwenyekiti aing'oe mwenyewe.

"Na ya chini?" nikauliza.

"Mama!"

"Ya chini nayo inazaa."

"Chukua nilichokupa," akasema. Baadaye, akiwa na kikombe cha chai, alimtuma mwalimu kuniuliza kama mlango unaweza kwenda Mbulu kwenye maonyesho ya wilaya. Nilimwambia hauwezi, ni wa jikoni. Zawadi ya sanaa alipewa mtu wa vikapu. Vilikuwa vikapu vya kawaida.

Trekta lilikuja wiki ileile. Nilikwenda shambani nikasimama mapema, na Clemensi akaja na fimbo yake akachora mstari ardhini katikati ya shamba. Hatukusalimiana. Trekta likaanza kwa chini. Miti ya Qamara ya upande wa barabara ilitoka na mizizi yake yote, mmoja baada ya mwingine, na kila uliolala ulikuwa na mlio. Sikulia. Nilitazama yote, kwa kuwa mtu alipaswa kuitazama.

Dereva alikuwa kijana wa mbali, anawahi shamba jingine. Alipofika mstarini hakusimama. Labda hakuuona, labda alitaka tu nafasi ya kugeuzia. Trekta likavuka, likawa linakwenda kwenye ule mti wa fundo. Nilipiga ukelele nikakimbia, lakini miguu yangu haikuwa ya kukimbia tena. Clemensi alikuwa karibu zaidi. Akaruka mbele ya trekta na umri wake wote, akalipiga bati la mbele kwa fimbo, mara ya kwanza, mara ya pili, fimbo ikavunjika, akaendelea kupiga kwa kipande kilichobaki huku anamtukana dereva kwa Kiiraqw matusi ambayo sikujua kama bado anayakumbuka.

Trekta likazimika. Gurudumu lilikuwa limefika karibu kabisa na shina.

Dereva akateremka. "Mzee, unataka kufa?"

"Rudisha nyuma," Clemensi akasema. "Rudisha hilo dude lako nyuma."

Likarudi. Yeye akabaki amesimama pale kwenye mti mpaka kazi ikaisha, anahema, kipande cha fimbo mkononi. Hakunitazama, nami sikumwambia asante. Nilirudi nyumbani nikapika uji wa ulezi, mzito, nikautia maziwa. Nikamtuma Evarista ampelekee. Mwenyewe sikwenda.